Nilivyompa Mbwa Kidari cha Mkwe

Hili la mbwa nimelificha miaka, maana hata leo nikikutana na wakwe zangu kanisani Kilema naangalia chini, lakini haya, tuko wenyewe, chekeni mmalize.

Nilikuwa na kijibwa, Popi, kadogo kama paka aliyenenepa, ila kila aingiaye uani lazima kamng'ate kisigino, kanabana tu, hakatoi damu. Nikimpiga na ufagio ndiyo anazidi. Bwana mifugo alipokuja kumchoma sindano ng'ombe wangu akasema nisimpige, mtu akipita na mbwa akatulia bila kung'ata, hapo hapo nimpe kinyama na nimsifu. (Mimi nimeshikilia pembe za ng'ombe, nikashika habari ya nyama na sifa, mengine yakapita.)

Basi ikawa Popi anamng'ata jirani, nasema achia, anaachia, anakaa, nampa nyama, "mtoto mzuri." Wiki mbili hivyo, na alivyokuwa anaachia haraka, nikajiona mwalimu (shule yenyewe niliishia la pili).

Ndipo wakaja watu kumposa Anjela, binti yangu wa mwisho, aliyekuwa anauza mitumba sokoni Pasua. Posa mbili zilishavunjika, na kijana wa safari hii ndiye aliyempenda kweli, kwa hiyo tangu asubuhi sikukaa chini. Anjela akaniambia, "Mama, nakuomba, mfunge huyo mbwa." Nikakataa, nikasema waache waone nyumba ina adabu mpaka mbwa. Hapo ndipo nilipojiharibia.

Baba wa kijana anaingia na suti yake, mimi natoka jikoni na sinia la kidari cha mbuzi, ile nyama ya kifua ambayo kwetu ni ya mgeni mkubwa, haionji mtu kabla yake. Popi huyo, kisigino. Mzee akaruka. Nikasema achia. Akaachia, akakaa, akaniinulia macho. Na mkono wangu huu, wenzangu, sikuutuma, ukanyofoa kipande cha kidari ukampa mbwa, mdomo nao ukasema, "Mtoto mzuri."

Popi kuona hivyo akamwendea mama wa kijana, akamng'ata naye, akarudi kukaa mbele yangu anasubiri.

Mzee akaniuliza taratibu, "Mama Anjela, kumbe huyu ndiye mkubwa wetu leo?"

Mimi nikacheka, kwa woga tu, na kicheko ndicho kilichomaliza. Akachukua kofia yake, mkewe nyuma. Anjela kaegemea mlango, hata kulia halii. Nikakimbia mpakani mwa shamba kwenye mimea ya masale, nikachuma jani, nikalifunga fundo, nikawawahi njiani kiatu kimoja sina, nikapiga magoti nikamnyooshea mzee kwa mikono miwili. Kwetu ukiombwa msamaha kwa sale husemi hapana, ila unaweza kukawia, na yule mzee alikawia.

Mwishowe akalipokea. "Ni kwa ajili ya binti," akasema. "Si kwa ajili yako wewe."

Wakarudi, posa ikasemwa, na Anjela sasa ana watoto watatu. Lakini kidari mzee alikisukuma kando kwa kidole kimoja, akala ndizi tupu, na mimi nimekaa mbele yake natabasamu kama mgonjwa.

Mbwa bado nafuga. Ila mtu akipiga hodi kwangu siitikii, namfunga mbwa kwanza, ndiyo nasema karibu, hata awe padri, na asimame hapo nje na mvua yake.