Ukurasa wa Waliokufa Angani

Wakati ule wa vita, kompyuta ya ofisi yetu huku Ibanda, kando ya ziwa, ilifungua picha polepole mno: kwanza nywele, kisha paji la uso, kisha macho. Jumamosi moja mkubwa wangu wa kazi aliniruhusu kumleta papa, baba yangu, mwalimu wa fizikia, atafute masomo kwenye tovuti ya shirika moja la safari za anga za juu. Mvua ilikuwa imelifunika ziwa. Nilihisi ofisi nzima inaelea, nikasinzia kwa raha.

Nyumbani hakukuwa na raha. Kaka yangu, muuguzi, alikwenda Shabunda kuchanja watoto, barabara ikafungwa, hakurudi. Mwaka mmoja baadaye mchimba dhahabu akaja kutuambia amesikia kwamba kaka aliuawa. Maman akataka tuweke matanga. Papa akakaza uzi: bila mwili, bila mtu aliyeona kwa macho yake, hakuna matanga. Waligombana kila jioni mpaka mboga ya sombe ikapoa mezani. Nilimchukia papa na sayansi yake.

Siku hiyo alikuwa ananakili namna ya kutengeneza roketi ya karatasi, kutoka ukurasa wa watoto wenye nyota za manjano. Nikabonyeza pembeni, zikaanza kushuka sura za watu wanaocheka. Walikuwa wamekufa, chombo chao kilivunjika angani. Kila mmoja ameandikiwa jina, shule aliyosoma, muziki aliopenda. Nilimtafsiria papa. Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha, chake hakikuwepo kabisa.

“Balipata maiti yabo?” akauliza.

“Bangali banatafuta, papa.”

“Na balisha kubalilia?”

“Siku ile ile.”

Akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena. Tulipanda kilima kwa miguu ndani ya ukungu, nyumba zikitokea na kupotea. Mimi, nakiri, nilifurahi. Nilidhani maman ameshinda.

Tulimkuta anachagua maharagwe. Papa aliketi karibu naye, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

“Tuweke matanga ya mutoto,” akasema taratibu.

Miezi yote hiyo maman aliomba neno hilo tu. Ungo ukamtoka mikononi, maharagwe yakatawanyika. Alimtazama papa kama mtu asiyemjua.

“Hata wewe?” akasema. “Hata wewe unaacha kumungojea?”