Alama ya Vema Kwenye Mstari wa Moyo

Wajawazito walimbandika jina la Mama Jeli, kwa sababu hakumpaka mtu ile jeli baridi tumboni kabla ya kuipasha moto viganjani mwake. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akipima altrasaundi katika hospitali ile, kwenye chumba chenye pazia zito, kitanda kimoja na stuli inayoyumba. Walioingia wakitetemeka walitoka wakicheka. "Mtoto kanipa mgongo, kanuna huyu," alikuwa akimwambia mama mjamzito. "Umemkosea nini asubuhi hii?"

Siku aliyokuja wifi yake, mke wa kaka yake mdogo, mimba ilikuwa na wiki ishirini, umri ambao mtoto hukaguliwa kiungo kwa kiungo. Wifi hakuja peke yake. Alikuja na mumewe, na mama mkwe, yaani mama yake Mama Jeli, naye akajiunga, maana alisema hajawahi kuona mjukuu kwenye televisheni. Chumba kikajaa. Kichwa kikapimwa, uti wa mgongo ukafuatwa pingili kwa pingili, figo zikaonekana. Kaka alikuwa na lake moja.

"Dada, ni wa kike au wa kiume?"

"Ngoja kwanza. Natafuta moyo."

"Moyo anao, huyo ni wa ukoo wetu. Angalia huko chini."

Wakacheka wote, na Mama Jeli akacheka nao. Mtoto alikuwa amelala vibaya, mgongo juu, na kivuli cha mgongo kilikuwa kimeangukia moyo. Aliona vyumba vinne vikidunda. Mishipa miwili mikubwa inayotoka moyoni hakuiona. Angekuwa mama mwingine angemwambia, nenda katembee nusu saa, kisha urudi. Lakini huyu ni wifi, kaka ameomba ruhusa kazini, mama anasubiri jibu, na yeye mwenyewe hajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Akashusha kifaa hadi penye mapaja ya mtoto.

"Wa kike," alisema.

Kwenye fomu, penye mstari wa moyo na mishipa yake, akaweka alama ya vema.

Wifi alijifungulia kituo cha afya cha karibu na nyumbani. Mtoto alilia vizuri, uzito mzuri, kila mtu akapumua. Kufika alasiri midomo yake ilikuwa na rangi ya wino. Ambulensi ilikwenda saa sita nzima kufika hospitali yenye madaktari wa moyo, na huko wakaambiwa mishipa ile miwili ilikuwa imebadilishana nafasi. Kaka alimpigia simu dada yake, sauti imekauka.

"Wanasema ingejulikana mapema, angezaliwa hapa hapa, na dawa angeanza papo hapo. Lakini nani angejua, dada?"

Mama Jeli aliufunga mlango wa chumba chake, akafungua picha za siku ile kwenye kompyuta. Alitafuta ile ya mishipa. Haikuwa picha mbaya wala ya ukungu. Haikuwepo.

Mtoto alipasuliwa siku ya tisa, akapona, akarudi nyumbani na mshono katikati ya kifua. Hapo ndipo maneno yalipoanza. "Nilimwambia asinyanyue ndoo," mama alikuwa akisema kila wageni walipokaa. "Wasichana wa siku hizi hawasikii la mkuu." Wifi aliinamisha kichwa, akinyonyesha. Jumapili moja alimgeukia Mama Jeli, aliyekuja kuwatembelea kama kila wiki.

"Wewe ulimwona akiwa mzima, wifi. Basi mimi ndiye niliyemharibu baadaye."

Mama Jeli alikuwa kakaa kwenye kiti cha dirishani. Alinyamaza kama maji mtungini, na alinyamaza hivyo kwa wiki tano. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema watu. Huu ulikuwa wake mwenyewe, na alikuwa akiutazama kila Jumapili kichwani pa mwingine.

Alianza kukiri kwa daktari aliyekuwa mkuu wake wa kazi. Daktari alisoma faili, akamwonea huruma.

"Tatizo hili wengi hulikosa, hata mabingwa."

"Wao huangalia wakakosa, daktari. Mimi sikuangalia."

Daktari akaiweka kalamu chini, kisha akaichukua tena na kuandika ripoti.

Jumapili iliyofuata alikiri hayo hayo mbele ya kaka, mama na wifi, bila kuzunguka mbuyu. Kaka aliinuka akatoka nje. Mama alianza, "Mwanangu, usijitie makosani," lakini wifi alimkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ile ya ambulensi."

"Na wiki zote hizi nikipigwa na ile ndoo, ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Kwenye hicho kiti." Wifi alikuwa akikunja nepi, na hakuacha kukunja. "Nenda nyumbani, wifi."

Alikwenda. Mama alimwomba wifi radhi, kwa mbali, kwa kumpelekea kanga mpya bila kusema ya nini. Mtoto alichelewa kutembea. Hakuna daktari aliyeweza kusema kama ni zile saa za barabarani. Habari hizo Mama Jeli alizipata kwa kaka, kwa mafungu, mlangoni. Kazini sasa, mtoto akilala vibaya, alimrudisha mjamzito hata mara tatu, na foleni ilimnung'unikia.

Baada ya miaka miwili wifi alishika mimba tena, akaenda kupimwa hospitali nyingine. Asubuhi moja aliandika ujumbe, bila salamu: "Niwaambie waangalie nini?"

Mama Jeli aliiacha chai ikapoa. Aliandika yote, hatua kwa hatua: wiki ya kwenda, kila mshipa kwa jina lake na mahali unapopaswa kuelekea, na kwamba wakimwambia mtoto amelala vibaya asikubali kuondoka, asubiri. Aliusoma ujumbe mara mbili, akautuma.

Jibu lilikuja jioni. "Nimeupata," lilisema, basi.