Nilivyoiharibu chai ya mama mdogo

Leo nimemwaibisha mama mdogo kazini kwake, na hadi sasa nashindwa kumtazama usoni.

Niko likizo nyumbani, huku milimani Lushoto.
Kazi yangu mnaijua: nanasa atomu zilizopoozwa sana, juu kidogo ya kipande cha kioo, ndani ya chombo kilichoondolewa hewa.
Kioo kikiguswa na kidole tu, kazi ya wiki nzima imeharibika. Niliwahi kumgombeza mwanafunzi kwa kosa hilo hadi akalia.

Mama mdogo anachambua chai kiwandani. Asubuhi kanipeleka kwa wafanyakazi wenzake, kifua mbele:
"Huyu ndiye mwanangu, mwanasayansi."

Nami nikaanza somo la usafi. Wakanisikiliza kwa adabu!
Ili waelewe, nikachota chai kavu kwenye rundo lao kwa viganja viwili.
"Hata mafuta ya mkononi msiyoyaona..."

Jamani. Nilikuwa nimejipaka losheni ya waridi hadi kwenye viwiko.

Msimamizi akaja, akanusa. Chai hunyonya harufu, kila mtu pale anajua hilo.
Rundo lote likatupwa.

Kabla sijaomba radhi, mama mdogo akaniwahi. Msimamizi ni kijana, humwamkia shikamoo kila siku, lakini mama mdogo ndiye aliyeinamisha kichwa:
"Nisamehe bosi, nilisahau kumwambia mgeni anawe."

Chekeni, nitukaneni, nastahili.

Maana hakusahau. Alinisogezea maji na sabuni pale mlangoni.
Nikamjibu, "Mama mdogo, usafi ndiyo kazi yangu."