Mtani wa Baba

Juzi jirani yangu alikaanga bisi, akazinyunyizia pilipili na ndimu, na harufu ilipopenya chini ya mlango nikajikuta nimekaa kitako. Nisikilizeni, maana harufu hiyo ina mwenyewe. Ilikuwa ya Mama Marisol, Mmeksiko wa mlango wa pili kwetu kule Jane and Finch, mtaa wa ughaibuni tulikoishi, mwaka aliokufa baba.

Mama hakulia. Kina mama wa Kitanzania walileta pilau, wakalia wao, wakayatazama macho yake makavu, wakaenda kunong'onezana kwenye lifti. Alikuwa hali chakula, hasemi, anakaa tu dirishani. Nilikuwa na miaka tisa na niliogopa jambo moja: kwamba naye ananiondokea hivyohivyo amekaa. Wahenga husema kifo cha wengi arusi. Chetu kilikuwa cha watu wawili.

Jumamosi moja mchana Mama Marisol akaingia na bakuli la bisi na filamu. Ilihusu maisha ya mchekeshaji wa kwao, aliyependwa, alivyosema, mpaka na mbwa wa mtaani. Yote Kihispania; hatukuambulia neno. Yeye alicheka mpaka machozi, mama akatazama tu. Kisha mama akauliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Huyu ndiye mwenyewe?"

"Hapana. Mwenyewe alishakufa. Huyu amevaa nguo zake, anatembea kama yeye."

Mama akanigeukia. "Kumbe ni mtani wake," akasema kwa Kiswahili.

Baba alikuwa Mnyamwezi, mama Mzaramo, makabila yaliyotaniana tangu zamani, na nyumbani walichokozana kutwa. Mama akafungua kabati, akachukua koti la baba la baridi, akatoka, akafunga mlango. Halafu kwenye korido nikasikia kikohozi cha baba, kile kimoja kikavu alichozoea kukohoa kabla ya kuingia, utadhani anabisha hodi kwa kifua. Jamani! Mlango ukafunguka, mama akaingia, koti limemfika magotini, anaburuta mguu wa kushoto kama baba, anafoka kwa lafudhi ya Tabora: "Mke wa Kizaramo ana faida gani? Nimeganda kwa theluji, hata chai hakuna!"

Mama Marisol alicheka hadi akashika ukuta. Mama naye akacheka, kicheko kikakatika, akaanguka sakafuni na lile koti akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Mtani wake huku ni mie peke yangu," alikuwa anasema. "Nani mwingine angemzika vizuri?"

Mimi sikucheka wala kulia. Nilikula bisi mpaka ulimi ukafa ganzi. Nilidhani mama amerukwa na akili, na hata hilo halikuniuma. Jioni ile alikula wali.

Nikiwa mtu mzima tulikwenda na mama Kisarawe kumzika shangazi yake. Katikati ya msiba akatokea Mnyamwezi mmoja amejifunga kanga za marehemu, anamwigiza alivyokuwa anabania sukari, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Ndipo nilipoelewa kwamba kwetu hiyo ni kazi ya mtani, na kwamba mama aliifanya siku ile huku mfiwa akiwa ni yeye mwenyewe. Nikaangua kilio mpaka nikashikwa mabega.

"Kumbe ulimjua marehemu hivyo?" bibi mmoja akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa anakohoa mlangoni."