Mama Aaa na Watoto Waliopakwa Pinki

Mke wangu ni muuguzi wa zahanati, na mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mama Aaa. Kila mtoto anayefikishwa mbele yake, awe amejikata mguu au amemeza kifungo, ataambiwa akae, aachame, aseme aaa. Jioni akirudi kazini watoto huacha mpira wao, wakasimama kando ya njia wameachama kama vifaranga. “Aaa!” Wao wanamtania, lakini yeye huinama akachungulia kwelikweli. “Wewe, gego lako limeoza. Mwambie mama yako.”

Mimi ni fundi saa. Nina kimeza changu barazani, lenzi ya jicho moja, na tochi ndogo ya kuvaa kichwani. Nikisema nina tochi ni kwa mazoea tu, kwa sababu kila nikiitafuta haipo. Iko zahanati, inamulika vinywa vya watu. Nimenunua nyingine mara kadhaa na zote zimekwenda njia hiyo hiyo. Nikilalamika, mke wangu husema saa ikichelewa haifi.

Siku moja nilifunga kazi nikaifuata tochi yangu. Nilimkuta amesimama mbele ya mtoto wa pinki. Pinki kabisa, kuanzia paji la uso hadi kwenye vidole vya miguu, na juu yake shati jeupe lililopigwa pasi.

“Huyu ni mgonjwa au ni bwana harusi?” alikuwa akimuuliza mama yake.

Hilo ndilo linalomtoa mke wangu roho. Kwetu mtoto akitokwa na upele hapelekwi zahanati hivi hivi. Ni aibu. Huogeshwa kwanza, kisha hupakwa kalamaini, ile losheni ya pinki ya kutuliza muwasho, mwili mzima hadi usione ngozi. Hapo ndipo mama anapata uso wa kutoka naye nje. Akifika, muuguzi anaulizwa, “Dada, huu ni upele gani?” Na dada haoni upele, anaona rangi.

“Ugonjwa mnaupaka kama ukuta,” alisema mke wangu, huku akimfuta yule mtoto kwa pamba na maji, kwa hasira lakini kwa mkono mwepesi. “Halafu mnataka niusome!”

Chini ya pinki kulikuwa na malengelenge: mengine mapya yenye maji, mengine yamepasuka, mengine yameshakauka, yote tumboni na mgongoni pamoja.

“Tetekuwanga,” alisema. “Si surua.”

“Lakini dada, si yote ni surua tu?”

Mke wangu alifumba macho kidogo. Swali hilo huulizwa kila siku. Mtaani kwetu harara ni surua, kuumwa na kunguni ni surua, na surua yenyewe ikija huitwa joto.

“Surua haina maji, mama. Surua huanza na homa, kikohozi, mafua, macho mekundu yanayokimbia mwanga. Upele huja baadaye, nyuma ya masikio na usoni, ndipo ushuke. Na kabla haujatoka, mdomo unasema.”

Ndiyo maana ya aaa. Nimeisikia mezani miaka yote ya ndoa yetu: ndani ya shavu, usawa wa magego, surua huweka chembe nyeupe kama chumvi juu ya wekundu. Na huko mdomoni hakuna mama anayepaka kalamaini. Watu hudhani ni kichaa cha mke wangu. Mimi nilidhani hivyo pia, hasa nilipokuwa natafuta tochi.

Mwaka huo binti yetu alikuwa amerudi kukaa nasi, mumewe akiwa kazini mbali, na alikuja na mtoto wake wa kwanza. Mjukuu huyo alitugeuza wajinga wote wawili. Alikuwa wa miezi saba. Chanjo ya surua hungoja miezi tisa, na mke wangu alikuwa akiihesabu hiyo miwili iliyobaki kama mfungwa anayehesabu kifungo chake. Enzi za ujana wake alifanya kazi wodi ya watoto mwaka ambao surua ilifagia. Hausimulii mwaka huo. Ukimuuliza, anainuka anakwenda kuosha vyombo.

Basi Jumapili moja, yeye akiwa zamu, akaja dada yangu mdogo, msusi, na mwanawe wa miaka minne. Mtoto alikuwa pinki.

“Ana nini?” niliuliza.

“Joto tu, kaka. Nimeshampaka.”

Nikaridhika. Niseme nini, mimi ni fundi saa. Binti yangu akaandaa chai, na nilipoinua macho kutoka kwenye kazi yangu, mtoto wa dada yangu alikuwa mkekani amempakata mjukuu wetu, anampiga busu na kumkoholea usoni.

Ndipo mke wangu akaingia. Hakusalimia. Alikisikia kile kikohozi kutoka mlangoni.

“Nani amempaka huyu?”

“Wifi, na wewe!” dada yangu alicheka. “Hata viatu hujavua!”

Mke wangu alishaivuta tochi kichwani mwangu. Alimtazama mtoto macho, mekundu kama ya mtu aliyekaa jikoni kwenye moshi. Akamfunua masikio, mahali dada yangu alipopaka kwa haraka. “Achama, mwanangu. Sema aaa.”

Alikaa hapo muda, tochi ikimulika shavu hili na lile. Aliposimama alimchukua mjukuu wetu mkekani, akampa mama yake, akasema nje, sasa hivi, barazani kwenye hewa.

“Wifi, huyu ana surua. Chanjo alipata?”

“Ile ya kwanza alikuwa na mafua. Ya pili nilikuwa na wateja.”

“Wateja!”

“Nisingeweza kuwaacha vichwa nusu!”

“Na leo umempaka ili nini? Nisione?”

“Ili asitembee na vipele wazi, watu waseme simtunzi! Nawe unapiga kelele kama askari!”

“Mficha maradhi, kifo humuumbua,” alisema mke wangu.

Hapo kukawaka. Dada yangu alimbeba mwanawe akilia kwamba wifi yake anamtabiria mtoto kifo mbele ya watu. Alitaka kwenda nyumbani. Mke wangu alisimama mlangoni na mikono kiunoni, akasema atampisha akielekea hospitali tu, si kwingine. Akaandamana naye hadi huko, wakigombana njia nzima. Mtoto alipewa vitamini A, akalazwa kwa ajili ya mapafu, na mke wangu akawa anakwenda kila siku kumnywesha uji. Dada yangu alimpokea bila kumsemesha.

Mjukuu alidungwa kesho yake asubuhi. “Kwa umri huu, chanjo ikiwahi inaweza kuzuia,” mke wangu alituambia. “Inaweza. Na ya miezi tisa atapata tena.” Lile neno inaweza lilihamia nyumbani kwetu. Tulikula nalo, tukalala nalo. Mke wangu alikuwa hashikiki. Aligombana na muuza mkaa, na redio, na mimi kwa kuvuta pumzi kwa sauti. Akipita njiani watoto walisema aaa, naye hakuwatazama.

Wiki ilipopita, alasiri moja, binti yetu alitoka chumbani na mtoto begani. “Mama, anachemka.”

Mke wangu aliweka mkono kwenye shingo ya mtoto, akauondoa. Akanawa mikono. Akanawa tena.

“Chanjo nayo huleta homa siku hizi hizi,” alisema akiwa bado bombani, ametupa mgongo. “Huleta hata vipele. Na surua nayo, kama alishaambukizwa, itakuja siku hizi hizi.”

“Basi mwangalie mdomo,” nilisema.

Hakugeuka. “Mwangalie wewe.”

“Mimi?”

“Huna macho? Kutwa unatafuta vijiskrubu ambavyo hata sisimizi havioni!” Alifungua bomba tena. “Siwezi. Angalia wewe, mume wangu.”

Mganga hajigangi, wanasema, lakini sikuwahi kudhani ingekuwa yeye, aliyeingiza pua katika kila kinywa cha mtaa mzima. Nilivaa tochi. Binti yangu akaketi na mtoto magotini, nami nikaweka kidole kwenye kidevu kile laini. “Achama, babu. Sema aaa.” Alilia, nikaona ndani.

“Mashavu yote mawili,” mke wangu alisema kutoka bombani. “Usawa wa magego. Pole pole, si unafungua saa!”

Shavu la kulia, jekundu, safi. La kushoto, safi. Nikashusha mwanga, nikaona kitu.

“Kuna cheupe.”

Nilisikia bakuli likianguka kwenye karo.

“Wapi?”

“Chini. Mbele. Kwenye ufizi.”

“Vingapi?”

“Kimoja.” Nilikigusa. “Kigumu. Kinakwaruza.”

Kisha miguu yake ikaja mbio sakafuni, akanisukuma hata nikakaa chini. Akainama, akachungulia, akaingiza kidole chake mwenyewe.

“Jino!” alisema. “Mzee mzima na mvi zako, hujui jino!”

Akakaa hapo sakafuni kando yangu, akafunika uso kwa kanga, akalia hata binti yetu naye akalia, na mtoto, ambaye ndiye aliyekuwa na homa, akatutazama sote kwa mshangao. Siku zilizofuata alitokwa na vipele vichache hafifu tumboni, vikapotea, na homa ikaenda. Kwa dada yangu vilevile mtoto aliruhusiwa. Lakini hayo tulikuwa hatujayajua bado. Alasiri ile tulikuwa na mashavu mawili safi tu.

Mke wangu alipomaliza kulia alifuta pua, akaninyooshea mkono.

“Lete tochi yangu,” alisema. “Nitamtazama tena jioni.”

Nikaivua, nikampa.