Watu Kumi Kaburini kwa Kerubo

Mke wangu Kerubo hakuwa msomi. Alifika darasa la saba, kwetu Kisii. Mimi sikufika hata huko. Kusoma alinifundisha yeye, kwa Biblia, tukiwa tumeshaoana. Hapa Minnesota alitunza wazee miaka kumi na tisa. Naandika habari zake kwa sababu kuna watu walizisema, na hawakusema kweli.

Mzee wake wa mwisho aliitwa Seymour, Myahudi wa Saint Paul, miaka themanini na tisa, macho yamekwisha. Kila siku alitaka ukurasa mmoja wa Talmudi, kile kitabu chao kikubwa cha mabishano ya marabi, walimu wao wa dini. Hakisomwi na mtu mmoja. Mmoja anasema, mwenzake anapinga. Mwenzake Seymour alikuwa amekufa. Basi Kerubo akishamwogesha na kumpa dawa, anamsomea kwa sauti, tafsiri ya Kiingereza, kisha anapinga. Kupinga kwake hakukuwa kazi. Nilimwoa nikijua.

Siku moja walisoma habari ya watu wawili walioshika shuka moja. Huyu anasema yote yangu, huyu naye yote yangu. Marabi wakaamua waape, wagawane. Kerubo akauliza, "Hiyo shuka hufuliwa na nani? Mleteni huyo mama aseme." Seymour akapiga meza. Alisema ameusoma ukurasa huo miaka sitini na hakuna aliyekumbuka kuuliza.

Aliniletea hayo nyumbani kwetu, mji wa Eagan, tukila. Tulicheka mpaka ugali ukapoa.

Sisi tunashika Sabato, Jumamosi, kama Wayahudi. Kanisani Kerubo alifundisha darasa la kina mama. Sabato moja akasema, "Marabi wanalifundisha jambo hili hivi." Griffins akasimama kule nyuma. Huyo ni mzee wa kanisa, tunamwita Elda.

"Dada Kerubo, hapa tunafundisha Yesu. Hao marabi walimkataa."

"Elda, Paulo alisomea wapi?"

Griffins akaangalia Biblia yake.

"Soma Matendo ishirini na mbili. Miguuni pa Gamalieli. Au Gamalieli alikuwa fundi bomba?"

Kina mama wakacheka. Mmoja akapiga makofi. Griffins akaketi. Chuki ilianzia hapo.

Jioni ile akaandika kwenye grupu la kanisa la WhatsApp: dada Kerubo amemkana Yesu, amekuwa Myahudi, tumwombee. Grupu lina watu sitini na kitu. Kerubo akanyang'anywa darasa. Wengine wakaacha kumsalimu, hata wakikutana dukani uso kwa uso. Naye akanyamaza. Kerubo, kunyamaza! Mwezi wa tatu akaanguka bafuni, mshipa umepasuka kichwani, hakuamka. Sisemi Griffins alimuua. Nasema alikufa akiitwa mwasi, na aliyemwita hivyo alikuwa anakula na kulala vizuri.

Mazishini Griffins ndiye aliyeshika maikrofoni. "Tunatumaini dada yetu alitubu," akasema. Nilikuwa nimekaa mbele. Niliangalia viatu vyake. Nikaapa.

Baadaye nilikwenda kwa Seymour kuchukua miwani ya Kerubo. Nikamwuliza, kwa Kiingereza changu cha ghalani ninakofanya kazi, "Kitabu chenu kinasemaje mtu akimkosea mwenzake, na aliyekosewa amekufa?"

Hakutafuta ukurasa. Alikuwa nao kichwani. "Analeta watu kumi. Anasimama nao kaburini. Anasema, nimemkosea Mungu, na nimemkosea fulani, nilimtenda hivi."

Nilifurahi. Mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

"Lakini huenda mwenyewe," Seymour akasema. "Haburutwi. Na kitabu hicho hicho kinasema, anayemwaibisha mtu mbele za watu ni kama amemwaga damu. Wekundu unatoka usoni, weupe unaingia."

"Griffins ni mweusi kuliko mimi. Weupe utaingilia wapi?"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha machozi yakamtoka. "Na yeye angenijibu hivyo hivyo," akasema. "Ukimburuta kaburini, mimi sitakuja, Jairus. Usiniombe."

"Sikuombi."

Septemba jiwe la kaburi likawa tayari. Nikatangaza kanisani kwamba Jumapili tunaliweka, na Elda atatuombea. Alikubali haraka. Kusimama mbele za watu hajawahi kukataa. Nikachagua kumi wa kuja, mmoja mmoja, wote wa grupu lile.

Jumapili ile kaburini, Griffins alipofungua Biblia, nikaweka kiganja juu yake.

"Kabla ya maombi, Elda. Uliandika kwamba mke wangu amemkana Yesu. Hawa kumi walisoma. Waambie kweli."

"Mzee Jairus, hapa si mahali pake."

"Yeye yuko hapa. Utamkuta wapi kwingine?"

"Tutaongea pembeni, baba."

"Mimi si baba yako. Sema: nimemkosea Mungu, na nimemkosea Kerubo."

Akawatazama watu. Kila mmoja alikuwa anaangalia nyasi. Mke wake akamvuta koti. "Sema, twende."

"Kama nilimkosea dada Kerubo..."

"Hakuna kama."

"Mzee..."

"Ondoa kama."

Ilikuwa baridi, lakini jasho lilimtoka. Akasema. Nimemkosea Mungu, na nimemkosea Kerubo, nilimsingizia. Sauti ilikuwa ndogo sana. Wale kumi wakasema Amina. Mimi sikusema. Sikumpa mkono pia. Seymour alikuwa ameniambia, nami nilielewa, damu hiyo iko juu yangu. Niliitaka.

"Sasa andika kule kule ulikoandika kwanza," nikamwambia.

Akatoa simu, akaandika amesimama. Simu zikalia mifukoni mwa watu, zote pamoja. Nikatoa yangu, nikasoma herufi kwa herufi. *Wapendwa, kama kuna mahali nilimkwaza marehemu dada Kerubo.*

Mvua ikaanza. Watu wakageukia magari. Nikawaambia wasimame, hakuna wa kwenda, mpaka jambo hili liishe.

"Futa," nikamwambia Griffins. "Andika tena."