Vikombe Sitini, Watu Ishirini

Kuna siku moja naikumbuka kila ninapoona mtoto wa shule ameinamia aljebra. Siku hiyo, mwanangu, ilinikuta ufukweni mwa ziwa, pale Zongwe, nina kijiti mkononi na majivuno kichwani.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa waimbaji kumi na wawili wa kwaya ya parokia hapa Kalemie, tukienda Moba kwa boti kuimba misa ya upadrisho. Nilikabidhiwa chakula kwa sababu sokoni nilijulikana: mama muuza muhogo akiniona kwa mbali alikuwa anashusha bei mapema, ili nimwache apumzike. Karibu na Zongwe injini ikakata. Ziwa lilikuwa limechafuka, likatusukuma hadi nchi kavu. Nahodha akachukua kipande cha injini kilichovunjika, akaenda Moba kwa miguu kutafuta kingine. "Siku tano," alisema. "Musinitafute mbele ya pale," yaani kabla ya hapo.

Nikapima unga uliobaki kwenye gunia. Vikombe sitini. Watu kumi na wawili, kila mmoja kikombe kimoja kwa siku: siku tano kamili. Nikapima tena. Sitini.

Mchana uleule wimbi likaleta mtumbwi mwingine, na watu wanane. Mizigo yao ilikuwa imezama. Walibakiwa na wavu mmoja tu, na kati yao alikuwamo mama kijana, Sifa, mwenye mtoto wa wiki tatu kifuani. Wakaomba chakula. Ningeweza kusema karibuni, lakini mimi nikaanza kupatana: wavu ukae kwetu, nao wale nasi. Wakakubali. Mtu aliyelowa mpaka mifupa habishani sana.

Ndipo nikachora mchangani hesabu ya shule. Watu kumi na wawili, siku tano; watu ishirini, siku ngapi? Nikazidisha ishirini kwa tano, nikagawa kwa kumi na mbili. Siku nane na kidogo. Nikarudia, maana sihesabu kitu mara moja. Nane na kidogo tena. Kosa ukilihesabu mara mbili, mwanangu, linabaki kosa, ila sasa una uhakika nalo. Nikaona tuna unga wa kuzidi siku za kungoja, nikamgawia kila mtu kikombe kimoja na nusu. Watu wakanisifu. Wengine wakaimba.

Asubuhi Mama Feza, mkubwa wetu katika kwaya, akafungua gunia apike uji. Akaupima unga, kisha akaniita.

"Kijana, humu mumebaki vikombe makumi tatu. Uligawa kwa hesabu gani?"

Nikamwonyesha mchanga. "Ya shule, Mama. Watu wameongezeka, na siku zimeongezeka. Zimefika nane."

"Basi tuite Moba yote. Tukifika watu elfu, tutakula mpaka Noeli ya mwaka kesho."

Waliokuwa karibu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeanza kuhesabu mara ya tatu.

"Sikia, mutoto," akasema. "Unga wa siku moja ndio unapanda pamoja na watu. Watu mara mbili, vikombe mara mbili. Lakini gunia halikupanda, ni lilelile. Kwa hiyo watu wakipanda, siku zinashuka. Kumi na mbili mara tano ni ngapi?"

"Sitini."

"Na makumi mbili mara ngapi ni sitini?"

"Tatu," nikajibu, kwa sauti ambayo sokoni hawajawahi kuisikia.

"Tatu. Tena hiyo ilikuwa jana. Leo je?"

Leo ilikuwa vikombe thelathini kwa watu ishirini: siku moja na nusu. Nahodha alikuwa bado siku nne. Nikamtazama Sifa. Mtoto alikuwa ananyonya, anaachia, analia, anarudia. Mama asiyekula hana maziwa, na hilo halihitaji aljebra.

Mama Feza akachukua kikombe, akakitia alama ya mkaa katikati. "Kikombe nacho kinafuata njia ileile. Tukikikata nusu, siku zinakuwa mara mbili." Siku moja na nusu ikawa tatu. Siku ya nne ingekuwa ya wavu peke yake, na katika mawimbi yale wavu ulikuwa unarudi na samaki wa kujaza viganja.

"Na Sifa?" nikauliza.

"Sifa atakula kikombe kizima."

"Nusu ya pili itatoka wapi, Mama?"

Akaniangalia bila haraka. "Weye mwenye kujua hesabu, tafuta."

Nikatafuta. Ilitoka kwangu. Wavu nikaurudisha kwa wenyewe, safari hii bila kupatana, nao wakavua kwa ajili yetu sote. Siku ya nne gunia lilikuwa tupu. Alasiri nahodha akatokea na kipande begani, na mtoto wa Sifa alikuwa amelala, tumbo limejaa. Mama Feza hakuitaja hesabu yangu tena, wala Moba hakumsimulia mtu. Angeweza kunifanya kichekesho cha parokia nzima. Namshukuru mpaka leo.

Basi mwanangu, ile herufi k kwenye daftari lako, inayosimama badala ya kitu kisichobadilika, usiiogope. Kabla hujazidisha wala kugawa, uliza: ni kitu gani hapa hakibadiliki? Kama ni fungu la kila mtu, kikombe kimoja kwa kichwa, basi watu na unga wa siku vinapanda pamoja. Ukigawa kimoja kwa kingine utapata jibu lilelile daima. Kama ni gunia, basi watu wakipanda siku zinashuka. Ukizidisha viwili hivyo utalikuta gunia lako palepale. Ukishapata jibu, lijaribu kwa watu elfu, uone kama bado lina akili. Na mtu akikukosoa mbele ya wenzako kisha akakuachia njia ya kurekebisha, mshukuru angali hai.

Mungu akupe siku nyingi, na watu wengi wa kula nawe, na katika nyumba yako kimoja kisipunguze kingine.